R6, R7 au Ninja 400: pikipiki moja ya kazini na ya traki

KonaTatu
Salamu wadau. Naishi Kitengela, kazi iko Upper Hill, na kila siku naenda kwa pikipiki. Nimechoka kutazama wenzangu kwenye traki ya mbio ya Whistling Morans nikiwa nje ya uzio, nataka kuingia. Uwezo wangu ni wa pikipiki moja na sina pikapu: nitaiendesha hadi Athi River, nizunguke, nirudi nayo nyumbani. Nimebaki na Yamaha R6 ya 2017, Yamaha R7 na Kawasaki Ninja 400. Moyo uko kwa R6. Nishaurini.

Cheni_Kavu
Kaka, nimeishi na R6 miaka minne, naipenda mpaka leo, lakini kwa matumizi yako hapana. Nguvu zake zinaamka injini ikivuka mizunguko 10,000 kwa dakika. Gia ya kwanza pekee inapita kilomita 100 kwa saa, na mjini kikomo ni 50! Kwa hiyo barabarani hupati utamu wake, unapata adhabu tu: viganja vinauma, foleni ya Mlolongo joto linakuchoma mapaja, kila tuta unalipanda na roho mkononi. Na hiyo traki ni fupi, kona juu ya kona. Hakuna pa kuifungulia.

MamaWaKona
Cheni kasema kweli. Mimi nina Ninja 400: cc 399, kilo 168, nguvu za farasi kama 45. Wengi huiita ya wanafunzi. Lakini nikitoka kwenye kona nafungua mafuta yote bila woga, na hapo ndipo nilipojifunza kukaa, kutazama mbali na kuachia breki taratibu. Asubuhi inayofuata inanipeleka kazini kama kawaida. Udhaifu upo: breki ya mbele ni diski moja, na shoki za mbele ni laini, hazina pa kurekebisha. Nilibadilisha springi na mafuta yake, ikatulia.

Shimo_Mbele
Msiipite R7. Injini ni ile ya pikipiki nyingine ya Yamaha, MT-07, cc 689, inavuta tangu chini, kwa hiyo foleni haikusumbui. Mbele ina diski mbili na shoki za kurekebisha. Ila mkao umeinama kweli, mgongo utalalamika kabla ya kufika Upper Hill, na tangi ni lita 13 tu.

Cheni_Kavu
Yoyote utakayochukua, badilisha mafuta ya breki kabla ya siku ya kwanza, weka DOT 4 mpya. Yanavuta unyevu, na yakichemka breki ya mkono inalegea ghafla. Yalinikuta mimi, nikaishia kwenye nyasi. Tairi pia: usiweke za mbio. Zinahitaji joto, na Mombasa Road asubuhi hazitalipata, tena lami iliyonyooka itazifanya bapa katikati.

KonaTatu
Asanteni sana. Jumamosi naenda kuiona Ninja 400. Sasa, bila pikapu, vifaa mnabebaje?

MamaWaKona
Begi la mgongoni linatosha, dada yako nabeba hivyo: kipima upepo wa tairi, pampu ndogo, spana za kutolea vioo na utepe wa kufunika taa. Ukifika punguza upepo kama mtengeneza tairi anavyoelekeza kwa traki. Jioni, kabla hujaingia barabarani, urudishe. Usiahirishe mpaka nyumbani.