Ukikataa uwili wa nafsi na mwili, je, umeukataa na urazini?

Mdadisi wa Ngara

Salamu, wanajukwaa. Ninasoma falsafa kwa masomo ya jioni hapa Nairobi, na kuna jambo kuhusu wanafalsafa wa Ulaya wa karne ya 17 ambalo halijanitulia moyoni. Mhadhiri wetu hufundisha uwili na urazini kana kwamba ni fundisho moja: René Descartes alisema kuwa nafsi ni kitu kinachofikiri na mwili ni kitu chenye urefu, upana na kina, alisema pia kuwa ujuzi wa hakika hutoka katika akili wala si katika milango ya fahamu, basi anayelikubali la kwanza hulikubali na la pili.

Urazini umenishika. Nimesoma mara nyingi hoja ya Descartes ya kipande cha nta: kikisogezwa karibu na moto, harufu hutoweka, rangi hubadilika, umbo huharibika, yaani kila tulichokipokea kwa pua, macho na vidole huondoka, na bado tunajua kuwa ni nta ile ile, na tunalijua hilo kwa akili. Lakini uwili siwezi kuukubali. Nikiamua kuinua mkono, mkono huinuka, na sioni ni vipi kitu kisichochukua nafasi yoyote kinaweza kukisukuma kitu kinachochukua nafasi. Je, nikiuacha uwili, nalazimika kuuacha na urazini?

Msomaji wa Kilimani

Ndugu Mdadisi, hulazimiki hata kidogo, na mimi ningekwenda mbali zaidi: ni urazini wenyewe uliouweka uwili wa Descartes mashakani.

Swali lako la mkono liliulizwa Mei 1643 na Elisabeth wa Bohemia, bintimfalme aliyekuwa na umri wa miaka 24, akiishi uhamishoni The Hague baada ya baba yake kupoteza kiti cha enzi. Alimwandikia Descartes kwamba kitu husogea ama kwa kusukumwa, ama kwa namna kinachokisukuma kilivyo katika uso wake. Kusukuma kunahitaji mgusano, na kuwa na uso kunahitaji kuchukua nafasi. Nawe, bwana, umeyaondoa yote mawili katika nafsi. Nafsi basi huusogezaje mwili? Descartes alijibu kwamba tunayo dhana ya msingi ya muungano wa nafsi na mwili, ambayo haitokani na dhana ya nafsi wala ya mwili. Elisabeth hakuridhika. Alimwandikia tena mwezi Juni kwamba kwake ingekuwa rahisi zaidi kuikubali nafsi kuwa na maada kuliko kukubali kwamba kitu kisicho na maada kinaweza kuusogeza mwili.

Jibu la Descartes la mwisho wa mwezi huo ndilo ninalokuomba ulisome polepole. Anamwambia kwamba muungano huo hufahamika vizuri zaidi kwa maisha ya kila siku na mazungumzo ya kawaida, kwa kujizuia kutafakari, kuliko kwa akili peke yake. Mtu aliyejenga falsafa nzima juu ya yale ambayo akili inayaona kwa uwazi, sasa anamwomba mwenzake aiweke akili kando. Kwa maoni yangu, hapo Descartes aliuacha urazini ili aunusuru uwili.

Waliomfuata hawakukubali kuuacha. Spinoza, katika kitabu chake cha maadili kilichotoka mwaka 1677, alisema kuwa nafsi na mwili ni kitu kimoja kinachotazamwa kwa njia mbili, hivyo hakuna kinachomsukuma mwenzake. Malebranche alisema ni Mungu peke yake anayeinua mkono pindi tunapotaka uinuke. Leibniz alisema nafsi na mwili vilipatanishwa tangu kuumbwa, kila kimoja kikifuata sheria zake. Wote watatu ni warazini, na hakuna hata mmoja aliyekubali kwamba nafsi huusukuma mwili.

Utauliza uwili ulitoka wapi. Ulitoka katika hatua moja ya hoja: naweza kujifikiria kwa uwazi nikiwa nafsi bila mwili, kwa hiyo mimi na mwili wangu ni vitu viwili vinavyoweza kutenganishwa. Antoine Arnauld, mwanateolojia wa Kifaransa, aliipinga hatua hiyo mwaka 1641. Mtu anaweza kujua kwa hakika kwamba pembetatu iliyo ndani ya nusu duara ina pembe mraba, huku akitilia shaka kanuni ya Pythagoras kuhusu pembetatu hiyo hiyo. Je, shaka yake inaitenga pembetatu na kanuni hiyo? La hasha. Na pingamizi hilo ni la hesabu, halikuhitaji jicho wala sikio.

Fundi wa Viungo Bandia

Nimesoma hapo juu kwa makini. Mimi si mwanafalsafa. Kazi yangu ni kuwatengenezea watu miguu ya bandia hapa jijini, lakini jambo hili nakutana nalo kazini. Kuna kijana mwendesha bodaboda aliyekatwa mguu chini ya goti. Nilipokuwa nachukua vipimo vya kigutu chake aliniomba nisimame, akanyoosha kidole hewani, karibu na sakafu, akasema, "Hapa, kidole gumba kinachoma." Pale palikuwa na saruji tupu.

Descartes aliandika juu ya jambo hili hili mwaka 1644. Anasimulia msichana aliyekatwa mkono hadi kwenye kiwiko kwa sababu ya kuoza, akiwa amefungwa macho wala hakuambiwa, naye akaendelea kulalamika kwamba vidole vinamuuma, mara hiki, mara kile. Maelezo yake ni kwamba mishipa ya fahamu iliyokuwa ikifika vidoleni ilibaki ikitikiswa pale kiwikoni, na nafsi ikapokea habari ile ile kupitia ubongo. Kwa mtu wa kazi yangu maelezo hayo yana uzito mpaka leo. Ila najiuliza, Msomaji: maumivu yakitegemea mishipa kiasi hicho, kwa nini tuyaite ya nafsi?

Mwanafunzi wa Amo

Fundi, swali lako lina mwenyewe, naye ni Mwafrika. Anton Wilhelm Amo alizaliwa Axim, katika pwani ya Ghana ya leo, akapelekwa Ulaya akiwa mtoto, akasoma Halle, Ujerumani, na mwaka 1734 akatetea tasnifu huko Wittenberg, nchi hiyo hiyo, kwamba nafsi ya binadamu haihisi: kuhisi, na uwezo wa kuhisi, ni mali ya mwili ulio hai. Ndani yake anainukuu barua ya Descartes kwa Elisabeth, mahali anaposema kwamba nafsi, ikiwa imeungana na mwili, inaweza kutenda na kutendwa pamoja nao, kisha anaandika kwamba hakubaliani. Hoja yake ni kwamba kutendwa ni kupokea kitu kwa mgusano au kwa kuingiwa na sehemu, na roho, ambayo nafsi ni aina yake, haina sehemu. Nasikitika kwamba jina lake halikutajwa katika mihadhara mingi niliyohudhuria.

Kwa hiyo, Mdadisi, kuhusu uwili Amo ni kinyume chako kabisa. Aliushika urazini kama wewe, ila uwili akauzidisha kuliko Descartes.

Mdadisi wa Ngara

Nashukuru sana. Lakini Amo akisema mwili ndio unaohisi, nani anajua kwamba kidole gumba kinachoma?

Mwanafunzi wa Amo

Kwa Amo, anayejua ni nafsi; kujua ni tendo lake, wala si kitu kinachoipata. Kuchoma kwenyewe ni kwa mwili. Sehemu hiyo naiona kuwa imara.

Msomaji wa Kilimani

Mimi naona ni nusu tu iliyo imara. Amo anasema pia kwamba nafsi huutumia mwili kama chombo cha kutekelezea makusudi yake. Ameufunga mlango wa kutoka mwilini kuingia nafsini, lakini ule wa kutoka nafsini kwenda mwilini ameuacha wazi, na mkono wa Mdadisi unapita mlango huo. Atumiaye chombo hana budi kukisogeza. Kama roho haiwezi kuguswa kwa sababu haina sehemu, kwa sababu hiyo hiyo haiwezi kugusa.