Korja ya boriti imejaa mazio na mchu! Wauzaji wa Lamu mnatuona wajinga?

Wadau, nina hasira, mnivumilie.

Naezeka dari ya kizamani hapa Lamu, ya mawe na chokaa. Nikaagiza korja (mafungu ya miti ishirini ishirini) za boriti, ile miti minene ya mkoko inayobeba dari, pesa nikatuma kwa simu mbele. Mashua ikaja maji yalipojaa, mahamali wakabwaga mzigo usiku barazani. Kwa nje, miti imenyooka, mashina manene. Asubuhi fundi akakata kamba. Ndani ya mzigo, wallahi, aibu tupu! Akapima kipenyo cha shina la kwanza: sentimita tisa. La pili, tisa na nusu. Hayo ni mazio, miti myembamba kuliko boriti! Boriti inaanzia sentimita kumi na moja na nusu hivi, na hupimwa penye shina, si kwa jicho la muuzaji.

Ingekuwa wembamba tu ningemeza. Kuna miti yenye panda, kuna iliyopinda, na mingine ina matundu ya dumuzi, ukiigonga unga unamwagika. Tena wamechanganya na mchu, mti mwingine wa mikokoni! Mkoko ukiukwangua gome ni mwekundu, mzito, unajulikana. Mchu mweupe ule nani anautia darini, juu ya vichwa vya watoto, uchukue uzito wa mawe?

Nikampigia muuzaji. "Mamangu, zikikauka zitanyooka." Zitanyooka! Mti ukikauka ndio unazidi kupinda na kupasuka, hata mtoto wa Pate analijua hilo.

Halafu eti miti imeadimika. Basi pandisha bei, useme. Fito iuzwe fito, pau iuzwe pau, mazio yauzwe kwa bei ya mazio. Majina haya ya unene wa miti wazee waliyaweka enzi majahazi yakipeleka boriti Arabuni, kabla serikali haijapiga marufuku kuuza nje mwaka 1982. Marufuku ya ukataji ya 2018 ilipowabana wakataji, sisi wenye nyumba tuliwatetea. Malipo yetu ndiyo haya? (Najua mkataji hana kosa, yeye hulipwa kidogo akishinda matopeni. Anayefunga mzigo ndiye mwizi.)

Anayejua muuzaji anayekubali korja ifunguliwe na kupimwa gatini kabla ya malipo, aniandikie faraghani. Na wewe uliyeniuzia, najua unasoma hapa: korja ni ishirini, nataka ishirini za boriti. Takataka zako ziko barazani. Usipozifuata kufikia Ijumaa, nampa mwenye tanuri ya chokaa azichome.