Tupeane uzoefu: Shoryuken ya kuamkia, inalipa wakati gani?

Wakuu, uzi huu ni wa wapenzi wa gemu za kupigana, hasa Street Fighter 6 na Tekken 8. Tuwekeane hesabu tunazotumia kuamua kama pigo la hatari litupwe au liachwe. Habari za nani kampiga nani tuziache kwanza, leteni fremu (kipimo cha muda wa pigo), damu (uhai wa mhusika) na baa (nishati ya kutupia mapigo makali).

Naanza na Ken, mhusika wa Street Fighter, na Shoryuken yake, ile ngumi ya kuruka juu. Umeangushwa konani, unaamka, jamaa kakusimamia. Shoryuken ya Overdrive (toleo lake lililoongezwa nguvu) inakula baa 2 kati ya 6 za nishati iitwayo Drive, na inapoanza haiguswi kwa pigo wala kwa kutupwa. Ikikingwa, unaning'inia hewani na kombo nzima (mfululizo wa mapigo) inakusubiri chini. Chukua makadirio haya: ikipata unachuma 1,600, ikikingwa unatoa 4,000, na wahusika wengi wana damu 10,000. Kwenye mara 10, jamaa akisubiri tu huku anakinga mara 2, na zilizobaki zikampata, umeingiza 12,800 na kutoa 8,000. Akisubiri mara 3 ni 11,200 kwa 12,000, tayari ni hasara. Kwa hiyo kitu cha kwanza kuhesabu ni huyo mtu anasubiri mara ngapi.

kona_ya_kushoto:
Hesabu ni sahihi mkuu, ila haijaisha, maana kukinga nako kuna bei. Tuseme kwenye hizo mara 10 jamaa anasubiri 3, anatupa 4, anapiga 3. Ukikaa unakinga tu, ile mitupo 4 ya 1,200 inakutoa 4,800. Shoryuken ilikutoa 800. Wengi wanailinganisha Shoryuken na sifuri, na ukiwa chini konani sifuri haipo.

Kinachoniogopesha zaidi ni baa. Ukiwa na baa 2 au pungufu, Shoryuken hiyo inakuingiza Burnout (hali ya kuishiwa baa). Hapo kila unachokinga kinakushikilia fremu 4 zaidi, special (mapigo maalumu ya mhusika) zinakumega damu hata ukikinga, na ukikinga Drive Impact (pigo zito la Drive) ukiwa ukutani unazimia. Hasara hiyo haionekani kwenye namba za damu. Msimamo wangu: chini ya baa 3 usiitupe, labda kama inamaliza raundi.

pedi_mbovu:
Nakazia hapo kwenye kumaliza raundi. Ukibaki na damu 1,000, mtupo wa 1,200 na kombo ya 4,000 vinakuua sawasawa. Kosa kubwa halina tena bei ya ziada, kwa hiyo Shoryuken inakuwa nafuu kuliko ilivyokuwa mwanzo wa raundi. Anayeshambulia naye anajua, ndiyo maana mchezaji mzuri aliyeongoza kwa damu husimama karibu, anakinga, na kukuacha ujimalize.

Mfano safi kabisa ni mashindano ya Evo 2004, Street Fighter III: 3rd Strike, Daigo Umehara na Ken wake dhidi ya Chun-Li wa Justin Wong. Daigo alikuwa na damu ya kamstari, na super (pigo lake kubwa) ya Chun-Li ina mapigo 15. Akikinga kawaida, damu inayomegwa na pigo la kwanza tu inamuua. Parry (kupangua pigo bila kupoteza damu) ikawa njia pekee ya kuzipokea zile teke, na parry inataka usukume mbele, yaani unaachia kukinga kabisa. Watu wanasifia ujasiri (na mikono yake inastahili sifa zote), lakini kihesabu kukinga ndiko kulikokuwa kifo cha uhakika.

fremu26:
Mimi nasemea Drive Impact, maana wengi wanaitupa hovyo. Inaanza fremu 26, gemu inakwenda fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo ni kama sekunde 0.43. Inakula baa 1 na kunyonya mapigo 2. Ukiitupa katikati ya uwanja jamaa akiwa ametulia, anaiona, anajibu kwa ya kwake, na ya pili ndiyo inayoshinda. Anaweza pia kukutupa, maana kunyonya kule hakuzuii mtupo. Konani mambo yanabadilika: hata akikinga anagonga ukuta na unapata kombo. Itupe akiwa anabonyeza, hasa mwenye mazoea ya kumalizia na special. Ukiona kaanza kuruka wima, acha.

chini_chini:
Tekken 8 kwa ufupi: Snake Edge ya mhusika Bryan ni pigo la chini linaloinua (linamrusha mtu hewani apigwe kombo), ila ni zito, mwenye macho analiona, na likikingwa wewe ndiye unayeinuliwa. Kateke kadogo ka chini kanatoa damu kiduchu lakini hakaonekani. Pigeni hako kwanza mpaka jamaa aanze kuchuchumaa, halafu mletee pigo la kati linaloinua. Snake Edge iwekeni kwa mtu anayekinga juu tu bila kushtuka.

kona_ya_kushoto:
Kwa wanaouliza mazoezi: ingia Training, rekodi mambo matatu kwa bwege wa mazoezi akiamka, yaani Shoryuken ya Overdrive, kukinga, na kujinasua kwenye mtupo. Yaweke yatoke bila mpangilio, kisha umsimamie. Ukimaliza, fungua replay za mtu unayekutana naye mara kwa mara, hesabu kila alipokuangusha: alipiga, alitupa, au alisubiri? Tenganisha raundi alizoongoza na alizokuwa nyuma, maana wengi husubiri zaidi wakiongoza.