Shahada ya pamoja ya elimu na sera ya jamii: ukimaliza, wewe ni mwalimu?

mwombaji_mpya
Wakuu, nimeona shahada ya kwanza ya miaka 3 inayounganisha elimu na sera ya jamii. Nikihitimu nitaruhusiwa kufundisha? Na hiyo nusu kwa nusu ni nusu kweli, au ni mizigo miwili kwa kichwa kimoja?

kalamu_nyekundu
Hapo kwenye kufundisha ndipo wengi wanapojikwaa. Elimu inayosomwa humo inachunguza shule kwa nje: nani anaacha masomo na kwa nini, mtaala unaamuliwa na nani, fedha zinagawanywaje. Si ualimu. Leseni kwa kawaida inadai mazoezi ya kufundisha yenye msimamizi, na kwa sekondari inadai pia somo la kufundishia, kama hisabati au historia. Hilo la pili ndilo kikwazo kikubwa: hata ukitaka kuongeza stashahada ya ualimu baadaye, huna somo la kuombea. Kama moyo uko darasani, soma ualimu moja kwa moja.

Pia usichanganye sera ya jamii na ustawi wa jamii. Afisa ustawi hushughulika na familia moja moja. Huku unasoma pensheni, makazi, afya na posho kama mifumo.

hesabu_kwanza
Mzigo ni mmoja, ila kina kinapungua. Chukua mfumo wa krediti wa Ulaya: miaka 3 ni krediti 180, kila moja saa 25 hadi 30 za kazi. Tuseme tasnifu inakula 15 na mbinu za utafiti 15. Zinabaki 150, yaani 75 kila upande, na humo bado hujatoa kozi za utangulizi.

Kinachoharibika mara nyingi ni takwimu. Kila idara hudhani umefundishwa na mwenzake, mwaka wa tatu unafika huwezi kusoma jedwali la rigresheni (hesabu inayopima jinsi jambo moja linavyohusiana na mengine). Chagua takwimu mwaka wa kwanza, hata kama ni ya hiari.

mwombaji_mpya
Asante sana. Sasa nitajuaje kama wameziunganisha kweli, siyo kuzibandika tu?

kalamu_nyekundu
Tazama kama kuna angalau kozi moja inayofundishwa na idara zote mbili. Uhusiano wenyewe upo tangu zamani: ripoti ya Beveridge ya 1942, iliyopendekeza mfumo wa hifadhi ya jamii Uingereza, iliuhesabu ujinga kati ya maadui watano wa jamii, pamoja na ufukara na maradhi. Na ripoti ya Coleman, Marekani, 1966, ilionyesha kwamba hali ya nyumbani inaeleza tofauti za alama za wanafunzi zaidi kuliko vifaa vya shule. Programu isiyogusa hoja hiyo, mimi ningeitilia shaka.

hesabu_kwanza
Uliza pia tasnifu inasimamiwa na idara ipi, na ratiba za mitihani nani anazilinganisha. Wakijibu "mwanafunzi mwenyewe", jiandae kwa kazi mbili za kukusanywa siku moja, kila moja na mtindo wake wa kunukuu marejeo.