Tupeane uzoefu: Namba yako ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa, hapa Tanzania) ilishawahi kutumika bila wewe kujua?

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba yeyote aliyekutwa na hili asimulie hapa, maana nahisi tuko wengi na kila mtu anadhani limempata yeye tu.

Mwaka jana jirani yangu, mtu tunayeombana chumvi, alikuja mlangoni kashika simu, hasemi kitu. Alikuwa amepokea meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Akajifanya anatuma ili aone jina. Likatokea langu, yote matatu.

Nilipiga *106#, ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, pale pale mbele yake. Laini nne kwenye namba yangu ya NIDA. Mimi ninazo mbili.

Nikakumbuka Januari 2020, zile siku za mwisho za kusajili laini kwa alama za vidole, kabla ya zisizosajiliwa kuanza kufungwa tarehe 20. Nilipanga foleni kwa wakala chini ya mwavuli. "Dada, haijasoma, weka tena." Nikafuta kidole kwenye khanga, nikaweka. "Bado, jaribu kingine." Niliweka mara nne au tano na nikamwomba radhi, nikijua kasoro ni ya mkono wangu. Sina ushahidi kwamba ni yeye aliyezisajili zile laini mbili za ziada. Ila tangu hapo nikiambiwa weka tena, kwanza naomba nione kioo cha simu yake kimeandika nini.

Kuzifunga zile mbili kulinichukua safari tatu kwenye duka la mtandao, na kila safari wakitaka tena kidole changu. Jirani aliniamini. Asingeniamini, ningemwambia nini?

Karibuni.

*

Pole sana dada. Yangu ni ya stationery. Nilimtumia kijana picha ya kitambulisho WhatsApp anitolee kopi. Ya kwanza ikatoka na michirizi, akaiweka pembeni, akatoa nyingine. Sikuwaza. Wiki hiyo hiyo nikanunua karanga kwa mama wa jirani na hapo, nafungua karatasi nakutana na sura ya mzee mmoja, namba yake na saini yake, mafuta yameshaanza kupenya. Haikuwa yangu. Ila na yangu ilibaki kwenye lile rundo. Siku hizi kopi iliyoharibika naondoka nayo, na picha naifuta kwenye simu yake nikiwa nimesimama hapo hapo.

*

Mimi natetea usajili, mniwie radhi. Mdogo wangu alitapeliwa, na namba ile ilikuwa na mwenyewe, akapatikana. Zamani tungeanzia wapi?

*

Mkuu hapo juu, nakuelewa, lakini na mama yangu msimsahau. Amelima miaka arobaini, vidole vimesuguliwa na jembe hadi vimekuwa laini kama kijiko. Mashine ikamkataa. Laini yake ikasajiliwa kwa jina la mjukuu, na mpaka leo hela ninayomtumia mama inasoma jina la mtoto. Mjukuu akiamua kuifunga kesho, mama hana simu wala akiba yake. Hili mimi linaniuma kuliko utapeli.

*

Kuna na daftari la getini, wakuu. Nilikwenda kwenye ofisi moja, mlinzi akanipa kalamu: jina, simu, namba ya NIDA. Wakati naandika nilikuwa nazisoma za wote walionitangulia. Namba ile ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Nikamwambia, kaka, naacha jina na simu tu. Akakataa, nikarudi nyumbani.

*

Mleta mada narudi. Nimesoma yote, na la mama limenikaa moyoni, kwa sababu mjukuu hajafanya kosa lolote na bado bibi hana kitu kilicho chake.

Kwa ndugu wa getini: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inakupa haki ya kuuliza taarifa zako zinatumika kwa ajili ya nini, kudai zirekebishwe, hata zifutwe. Ukipuuzwa, kuna Tume ya kupelekea malalamiko. Wengi wetu tunatoa kitambulisho kabla hata hatujamaliza kusalimiana, na anayekipokea anajua hatutauliza.

Nami nimeuliza. Nimeuandikia ule mtandao barua wanieleze laini zile mbili zilisajiliwa siku gani na kwa kifaa cha wakala yupi. Wamegonga muhuri kwenye nakala yangu. Leo ni siku ya tisa. Wakijibu nitaileta hapa.