Wanderers 1917-18: walicheza mechi 6 au 4?

Mpenda Jedwali
Wakuu, nina daftari la misimu ya mwanzo ya hoki ya barafu ya kulipwa, nalijaza kwa mkono. Nimekwama NHL (ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini) 1917-18, msimu wa kwanza kabisa wa ligi hiyo. Msimamo unasema Montreal Wanderers walicheza 6, wakashinda 1, wakapoteza 5, magoli 17 kwa 35. Lakini matokeo niliyonayo ni manne tu: 10-9 na Toronto, 2-11 na Canadiens (timu nyingine ya Montreal), halafu Ottawa mara mbili, 3-6 na 2-9. Nikijumlisha napata 17 kwa 35 kamili. Sasa hizo mbili walipotezaje bila kufungwa hata goli moja?

Babu Kipa
Ni za mezani, mjukuu wangu. Tarehe 2 Januari 1918 Montreal Arena iliteketea, na vifaa vya timu vikaungulia humo. Canadiens nao walikuwa wapangaji wa uwanja huohuo, lakini wao walihamia Jubilee, ukumbi mdogo, wakaendelea. Wanderers hawakutokea kucheza na Canadiens, wala na Toronto siku tatu baadaye. Wapinzani wakapewa ushindi, Wanderers wakaaga ligi.

Na hiyo 10-9 usiipite haraka. Mimi nilidaka mpira wa magongo wa kwenye nyasi, kwa hiyo hapa nasema kwa uchungu. Usiku ule wa Desemba 19 kipa alitakiwa kudaka akiwa wima. Ukipiga magoti au ukilala makusudi kuzuia paki (kile kisahani kigumu kinachochezewa badala ya mpira), unaadhibiwa. Hebu fikiria paki inateleza chini kabisa, wewe umesimama kama mlingoti, una gongo na miguu tu! Harry Hyland wa Wanderers alifunga 5 peke yake. Kipa wao, Bert Lindsay, aliruhusu 9 na bado akaondoka mshindi. Ottawa walikuwa na kipa mjanja, Clint Benedict, aliyekuwa "akiteleza" kila shambulizi likija, hadi ligi ikachoka kubishana naye na kuruhusu makipa walale. Hiyo ilikuwa Januari ileile, Wanderers wameshafungasha.

Mtaa wa Pili
Babu, moto usiubebeshe lawama zote. Timu ilishakuwa hoi. Vita vilikuwa vimepunguza wachezaji, na mwenye timu, Sam Lichtenhein, alikuwa ameshatishia kujitoa asipoongezewa watu. Mechi ya kwanza ilikuwa na watazamaji kama 700, na hapo askari waliingia bure! Hamilton walijitolea kuwapa uwanja, akakataa. Mwenye nia ya kuendelea angekubali. Mimi naona moto ulimpa mlango wa kutokea.

Babu Kipa
Sikupingi. Ila inauma, maana hawa walikuwa wameshabeba Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa hoki ya barafu, mara nne, ya mwisho 1910. Na timu pekee waliyoifunga katika NHL, Toronto, ndiyo iliyolichukua kombe msimu huohuo kwa kuwatoa Vancouver kwa mechi 3 dhidi ya 2.

Mtaa wa Pili
Kichekesho kingine: Art Ross alikuwa mchezaji na kocha wa Wanderers palepale. Katika NHL alifunga goli moja tu maishani, la msimu huu mfupi. Leo tuzo ya anayeongoza NHL kwa pointi (magoli na pasi za magoli) inaitwa kwa jina lake.

Mpenda Jedwali
Asante Babu, asante Mtaa. Kwa hiyo naandika 4 za uwanjani na 2 za mezani, safu mbili tofauti. Hyland namhamishia Ottawa kuanzia Januari, maana jina lake nalikuta huko nikawa nadhani ni mtu mwingine. Tatizo sasa ni wino, nilishaandika 6 kwa kalamu nyekundu.