Naomba ushauri kuhusu kuteketeza nyaraka za zamani za shirika

Ndugu wanachama, habari za kazi. Masjala ya shirika letu lisilo la kiserikali, hapa wilayani Chamwino, imejaa na mchwa wameanza kuishambulia. Hati za malipo tumezitenga, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka zitunzwe miaka 5. Katiba, cheti cha usajili na mihtasari ya bodi hatutaviondoa kamwe. Zinazonitia wasiwasi ni fomu za wanufaika wa miradi iliyokwisha, zenye majina na hali zao za kiafya, ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haituruhusu kuzilimbikiza bila sababu, lakini mkataba wa mfadhili mmoja unadai zihifadhiwe miaka 7. Je, tufuate lipi? Na uteketezaji uidhinishwe na bodi au mkurugenzi peke yake anatosha?